Mashimo ya Mkaguzi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa presha amenikataza kugombana. Nikamwuliza, sasa hizi hasira nizipeleke wapi? Akasema, "Ziandike, mama." Haya, naziandika, na cha kwanza kuandika ni kwamba mdogo wangu amerudi nyumbani.

Amefika pamoja na mvua ya kwanza, amelowa chapachapa, begi mkono mmoja na kamba ya mbwa mkono wa pili. Amemwacha mume. Ameacha kabati, kitanda, jokofu na cherehani aliyoinunua kwa jasho lake, akachukua mbwa. Nikamwuliza, "Katika vyote vile, mdogo wangu, ukaona huyu?" Akasema, "Vile vingine havinijui, Dada."

Mama, ambaye magoti yake hayamtoi tena nje ya nyumba, alimkumbatia palepale kwenye kiti chake cha dirishani mpaka gauni lake nalo likalowa. Mimi nilikwenda kutafuta taulo. Kulia sijui, kutafuta taulo najua.

Nimempa chumba cha nyuma nilichokuwa naweka nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Nguo zimehamia sebuleni. Sisemi kitu.

Mbwa ni wa kahawia, sikio moja limesimama, jingine limelala. Anaitwa Mkaguzi, na sikuhitaji kuuliza kwa nini. Alipita kila chumba, akanusa kila ndoo, akachungulia chini ya kila kitanda, kisha akalala mlangoni kama mtu ambaye hakuridhika na alichokiona.

Jumatano, 5 Machi

Mvua kutwa. Niandike na kazi yangu, maana hasira zangu nyingi zinatoka huko. Mimi ni dobi. Uani kwetu kuna kibanda cha mabati kisicho na kuta, kamba zimefungwa kwenye nguzo za miti, na humo ndimo ninapoanika shuka na foronya za nyumba ya wageni ya barabara ya juu. Meneja wao anataka shuka iliyotiwa wanga mpaka isimame yenyewe. Kwa hiyo kila siku napika sufuria la wanga kwa unga wa muhogo, nachovya, nakamua, mpaka mgongo unaniuma. Masalio nilikuwa namwaga kwenye mtaro ulio nyuma ya ukuta, lakini mtaro nao umejaa pomoni. Ukimwaga, unarudishiwa miguuni. Masika haya nitamwaga hapahapa uani, leo kona hii, kesho kona ile, pasije pakawa tope mahali pamoja. Mabati yanavuja. Mkaa wa pasi umelowa. Mdogo wangu hajatoka chumbani isipokuwa kumlisha mbwa.

Ijumaa, 7 Machi

Shimo. Karibu na nguzo ya kwanza, beseni zima linaingia. Foronya zilizoning'inia chini zimerukiwa na tope, nimezifua upya. Mbwa alikaa pembeni, pua imejaa udongo, ananiangalia kama anayengoja kushukuriwa.

Jumamosi, 8 Machi

Shimo lingine, upande wa ukuta.

Jumatatu, 10 Machi

Jirani yetu fundi baiskeli anajua dawa ya kila kitu isipokuwa baiskeli. Ameegemea ukuta akaniambia nijaze mawe kwenye mashimo. "Akikwaruza akakuta jiwe, makucha yatamuuma, ataacha mwenyewe." Nimebeba mawe asubuhi nzima, na daktari alisema nisibebe vizito. Mdogo wangu alisimama mlangoni akasema, "Dada, nikusaidie?" Nikamwambia, "Kaa, wewe mgeni."

Jumanne, 11 Machi

Mbwa hakugusa mawe. Amechimba kwingine kabisa.

Alhamisi, 13 Machi

Dawa ya pili ya fundi baiskeli: pilipili ya unga. Nimeinyunyiza uwanja mzima, nikajisahau, nikajifuta jicho. Nimeita majina yote ninayoyajua, ya walio hai na waliokufa. Mdogo wangu alikuja mbio na jagi la maji, akaniinamisha, akaniosha jicho taratibu huku ananipulizia kama mtoto. Halafu mvua ikaja ikaosha pilipili yote ya uani, ikaniachia ya jichoni.

Alicheka. Alijificha nyuma ya mlango akidhani simwoni, lakini alicheka. Tangu afike sijamsikia akicheka, nikajikuta sina hasira naye.

Ijumaa, 14 Machi

Shimo. Hasira zimerudi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimemfunga mbwa kwenye nguzo. Alilia kuanzia chai ya asubuhi hadi Mama akagonga dirisha kwa fimbo yake: "Mfungue huyo kiumbe, au nifungeni na mimi tulie wote!" Nimemfungua. Mama akaniangalia sana. Akasema, "Mwanangu, moyoni mwako kuna nini?" Nikamwambia, "Presha, Mama." Akageuza uso akatazama uani.

Alhamisi, 20 Machi

Leo nimekaripia mtu bila sababu, nakiri. Nilikuwa namwaga masalio ya wanga karibu na karo la kufulia, mgongo unaniuma, mdogo wangu akaja akasimama nyuma yangu. Akauliza kwa ile sauti yake ya siku hizi, ndogo kama ya mtu anayeomba maji nyumba ya watu, "Dada, kwa nini unamwagia hapa?" Nikamjibu, "Unataka nimwagie wapi, kichwani kwako?" Akasema, "Basi, Dada," akaingia ndani.

Zamani hakuwa hivyo. Kabla ya kuolewa, mdogo wangu ndiye aliyekuwa na mdomo katika nyumba hii, mimi nilikuwa mpole. Msinicheke. Sijui huko alikokaa walimfanya nini. Nimemwuliza mara mbili, "Alikuwa anakupiga?" Mara zote anajibu, "Hapana, hajawahi kunigusa." Nami nikabaki najiuliza, sasa kama hajapigwa, amekimbia nini?

Jumamosi, 22 Machi

Bwana mifugo alikuwa anapita kuchanja ng'ombe mtaa wa chini, nimemwita. Akamtazama Mkaguzi meno, akamshika tumbo, akasema hana minyoo wala wazimu, ana nguvu nyingi na kazi hana. "Atembezwe asubuhi na jioni, mpaka achoke. Na mpeni kona yake ya mchanga, achimbe apendavyo." Nikamwambia uwanja wangu si wa kugawa kona. Akacheka, akaondoka zake.

Mdogo wangu amesema, "Nitamtembeza mimi." Ni mara ya kwanza tangu afike kusema atafanya kitu.

Jumatatu, 24 Machi

Wametoka na mwavuli. Wamerudi wote wawili wamelowa, na mmoja wao akajikung'utia katikati ya sebule, juu ya mashati yaliyopigwa pasi. Nimeandika hili badala ya kupiga kelele. Daktari asijue kwamba kelele nilipiga pia.

Jumamosi, 29 Machi

Wiki nzima wanatembea. Mdogo wangu sasa anarudi na habari: nani anajenga, nani amehama, duka gani wameweka mlango wa chuma. Anamsimulia Mama, Mama anauliza maswali, wanacheka. Jana nimeamka nikakuta ameshawasha pasi na kunyoosha sare zote za wahudumu wa nyumba ya wageni, kola zimekaa kuliko ninavyozikalisha mimi. Sikumwambia. Nilisema, "Umeunguza mkaa mwingi." Ndivyo nilivyo, maneno mazuri yananikwama kooni, mabaya yanateleza.

Lakini mbwa, jamani, mbwa anachimba vilevile! Anatembezwa mpaka ulimi unagusa ardhi, anarudi, anakunywa maji, anachimba.

Jumatano, 2 Aprili

Mashimo mawili.

Ijumaa, 4 Aprili

Meneja wa nyumba ya wageni amekuja mwenyewe, na huyo si mtu wa kukanyaga tope. Amefungua shuka moja mbele yangu, akanionyesha doa. Limekauka kahawia, lina umbo la unyayo. "Mama, mimi wageni wangu niwaambie nini? Kwamba wamelalia mbwa?" Nikamwomba radhi. Akasema kuna watu wa semina wanakuja mwisho wa mwezi, vyumba vyote vimejaa, na ikitokea doa lingine atatafuta dobi mwenye mashine.

Dobi mwenye mashine. Miaka yote hii mikono yangu inachubuka kwa shuka zake.

Nilikwenda moja kwa moja chumba cha nyuma. Nikasema, tena kwa utulivu kama daktari alivyoniagiza: "Mdogo wangu, mbwa huyu akiniharibia kazi, mimi na Mama tutakula nini? Mtafutie pa kukaa." Akanijibu, "Dada, akienda yeye na mimi nitaenda." Hakusema kwa hasira. Alisema kama aliyekuwa amelijua jambo hilo siku nyingi, akawa anangoja tu mimi nilitamke.

Sikupenda namna alivyolisema.

Jumatatu, 7 Aprili

Sikumfukuza mbwa. Nimenunua mabati ya mtumba, tumezungushia upande mmoja wa kibanda. Fundi baiskeli alisaidia kupigilia, akajipigilia kidole. Mdogo wangu alishika bati, mimi nikashika bati, kwa muda tukawa kama zamani. Nilipoinua sufuria la wanga nikamwage, akalidaka mpini: "Niachie nikamwage mimi, Dada, nitapeleka mbali." Nikamwambia aache, atateleza. Tukavutana kidogo. Akaachia.

Ijumaa, 11 Aprili

Anachimba chini ya bati.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua. Shimo. Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Mama haongei na mimi vizuri. Nikimpelekea chai anasema, "Weka hapo." Nikimwuliza kosa langu anasema, "Unalijua." Silijui. Watu wa nyumba hii wanazungumza wao kwa wao, nikiingia wananyamaza, mimi ninayewafulia na kuwapikia. Nimeona uchungu sana leo.

Alhamisi, 24 Aprili

Daktari alisema niandike, naandika.

Shuka za semina zilikuwa tayari. Zote. Tangu Jumatatu nafua, nachovya, naanika, na leo mchana zilikuwa zimebakiza unyevu kidogo tu, nyeupe, zimenyooka, kibanda kizima kinanukia usafi. Meneja alikuwa anakuja kuzichukua saa kumi. Nikaingia ndani kumpa Mama dawa yake.

Nilisikia mti unalia, halafu kishindo. Nikatoka mbio. Nguzo ya katikati, ile inayobeba kamba zote, ilikuwa imelala. Chini yake, mahali shuka zilipokuwa zimenifichia, kulikuwa na shimo ambalo mtu mzima angeweza kukaa, na maji ya mvua yameingia yakalegeza udongo wote. Kamba zimeshuka pamoja na shuka zote. Na mbwa yumo katikati, ameogopa, anajinasua, kila akikurupuka anakanyaga shuka nyingine.

Nilipiga yowe mpaka fundi baiskeli akaruka ukuta. Mdogo wangu alitoka akakimbilia, si shuka, mbwa. Akamtoa kwenye kamba, akampapasa miguu kuona kama ameumia. Hapo ndipo nilipopotea. Nilisema yote. Nilisema, "Nimechoka na nyinyi wawili! Tangu mmefika nyumba hii haina amani! Mimi nimekuwa mjinga wenu wa kufukia mashimo! Mchukue mbwa wako mwende mlikotoka!"

Fundi baiskeli akatazama viatu vyake. Mama alikuwa dirishani. Mdogo wangu alisimama mvua inamshukia usoni, akasema, "Sawa, Dada."

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akamfunga mbwa ndani, akarudi, akakunja mikono ya gauni, akajaza beseni. Tulifua shuka zote upya, mimi upande huu, yeye upande ule. Meneja alipofika akakuta zimetundikwa sebuleni, jikoni, mpaka juu ya kiti cha Mama. Akaghadhibika, akaahirisha mpaka kesho asubuhi, akasema hii ndiyo mara ya mwisho. Tukapiga pasi moja yeye moja mimi mpaka zikakauka kwa moto wa pasi.

Sikuomba msamaha. Nilikuwa nimechoka, nikajiambia nitasema kesho.

Ijumaa, 25 Aprili

Meneja amechukua shuka. Hakukuta doa. Niliporudi kutoka getini chumba cha nyuma kilikuwa tupu, kitanda kimetandikwa, sakafu imefagiwa. Begi halipo, mbwa hayupo.

"Amekwenda wapi?" nikamwuliza Mama.

"Ulimwambia aende alikotoka," akasema Mama. "Ameenda."

Kwa mume.

Jumamosi, 26 Aprili

Hakuna shimo.

Jumapili, 27 Aprili

Nimeambiwa leo jambo ambalo ningekuwa na masikio ningelijua tangu Machi.

Asubuhi nilikuwa namwaga masalio ya wanga uani kama kawaida. Mama akagonga dirisha. "Sasa ulichokitaka umekipata," akasema. "Mbona bado unamwaga huo wanga wako?"

Nikamwuliza wanga umeingiaje hapo.

"Usinifanye mtoto, mwanangu. Ukimwaga karo, kesho mbwa anachimba karo. Ukimwaga ukutani, anachimba ukutani. Jumatano umemwaga kwenye nguzo ya katikati, Alhamisi nguzo imelala. Mimi kiti changu kiko wapi? Natazama nini kutwa nzima?"

Nikaitazama sufuria mkononi mwangu. Uji wa muhogo! Sisi wenyewe tunaula, mbwa asiutake kwa nini? Mvua ilikuwa inaufuta juu, mimi sioni hata alama, kumbe chini umo, unachacha, unanukia. Nikaweka sufuria, nikachukua jembe, nikachimba pale nilipomwaga Ijumaa. Udongo ulitoa harufu tamutamu ya kitu kilicholala, na ndani umejaa mabuu meupe yaliyonona. Ningekuwa mbwa ningechimba na mimi.

Nikarudi dirishani. "Ulijua tangu lini, Mama?"

"Wiki ile ya kwanza."

"Na usiniambie?"

"Nikuambie kitu unachokifanya kwa mikono yako mwenyewe? Miaka yote unamwaga mtaroni. Mwenzio anaingia na mbwa wake, siku ya pili unaanza kumwaga uani. Nikasema, huyu hawezi kumfukuza ndugu yake waziwazi, anamtafutia mbwa kosa."

"Mtaro umejaa, Mama!"

"Mtaro siuoni nilipo," akasema Mama, na sauti yake ikabadilika. "Umejaa kweli?"

"Umejaa pomoni! Tangu mvua ya kwanza!"

Tukatazamana, yeye ndani, mimi nje, mvua inanidondokea kichwani. Nikamwuliza lile nililokuwa naogopa kuliuliza. "Na yeye alidhani hivyohivyo?"

"Alikuja akaniuliza. 'Mama, Dada anataka niondoke?' Nikamwambia avumilie, dada yako ana presha, itapita. Akasema atakuwa anaumwaga yeye mbali, labda utaelewa kwamba anataka kukaa."

Nilikaa chini palepale. Nilikaa kwenye tope na gauni langu. Nimelia, naandika hapa, sikutafuta taulo.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimepanda basi la kwanza. Nyumba ya shemeji iko mji wa pili, nyumba nzuri, ina geti na vigae vya kung'aa. Shemeji alinifungulia mwenyewe. "Karibu, shemeji," akasema kwa adabu zote, akarudi kukaa kwenye televisheni yake. Hakuniuliza nimefuata nini. Hakuniuliza Mama hajambo. Sikuona ubaya wowote wa kumshika nao, na hilo ndilo lililonitisha.

Mdogo wangu alikuwa jikoni, mlango umefunguliwa ili apate mwanga. Dari ilikuwa na waya unaning'inia bila balbu. Mkaguzi alikuwa nje kwenye kamba fupi. Aliponiona akasimama, akatikisa mkia, mimi niliyemwagia pilipili.

"Dada," akasema mdogo wangu. "Mama ameumwa?"

"Mama mzima. Mtaro umejaa."

Akanitazama kama mwehu. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, yakatawanyika yote. Nikaanza kueleza huku na kule, mtaro, wanga, mabuu, kiti cha Mama, mpaka nikakosa pumzi. Alisikiliza amesimama, kisu na kitunguu mkononi.

"Kwa hiyo hukujua," akasema.

"Sikujua! Mdogo wangu, mimi nikitaka mtu aondoke nitazunguka na sufuria? Mdomo si ninao? Nitamwambia ondoka!"

"Uliniambia, Dada. Alhamisi."

Kwenye televisheni watu walikuwa wanacheka.

Akaweka kisu. Akaonyesha ule waya wa darini. "Unaona hii? Ilianza hivi. Balbu ikaungua, nikamwambia, akasema sawa. Haikuletwa. Halafu kiti changu cha mezani kikapelekwa stoo. Halafu akawa anajibu salamu za mbwa, zangu hajibu. Hapa hajafukuzwa mtu. Unapunguziwa tu, kidogo kidogo, mpaka ujiondoe mwenyewe. Miaka, Dada. Sasa nikafika kwetu, nikaona kila siku unamwaga..." Hakumaliza.

Ndiyo hayo niliyokuwa najiuliza, kama hajapigwa amekimbia nini. Nikayaona kwa macho yangu, nikiwa nimesimama kwenye jiko lenye giza saa nne asubuhi.

Nikasema. Naliandika lilivyotoka, kwa sababu lilinigharimu. "Alhamisi nilikosea. Nilisema kwa hasira, na nilikuwa nimekosea, na hata mbwa angekuwa na kosa ningekuwa nimekosea bado. Siwezi kuahidi kwamba sitapiga kelele. Unanijua. Lakini nikipiga kelele ndiyo yote hayo, hakuna jingine nyuma yake. Rudi nyumbani. Kola zako zimekaa kuliko zangu."

"Ulisema nimeunguza mkaa."

"Uliunguza. Lakini zimekaa."

Akacheka na kulia kwa pamoja, akaja akanishika, ananuka kitunguu. Halafu akaenda kuchukua begi. Hakuwa amelifungua.

Shemeji tulimuaga akiwa kitini. Alisema, "Haya, safari njema," bila kugeuka. Nilikuwa na maneno ya kumwambia, mazuri sana, lakini mdogo wangu alinifinya mkono. Cherehani tuliibeba. Hiyo nilikataa katakata kuiacha.

Jumatano, 30 Aprili

Masalio ya wanga sasa yanatiwa kwenye ndoo, mdogo wangu anayabeba wakienda matembezi, yanamwagwa kiwanja kilicho wazi kule mbali. Mama ameomba abebwe na kiti chake hadi kimlango cha ukuta wa nyuma, auone mtaro. Tumembeba wawili. Ameutazama kwa muda mrefu, akasema, "Kweli umejaa," halafu akanishika shavu.

Jumapili, 4 Mei

Hakuna mashimo. Fundi baiskeli anamwambia kila mteja kwamba ni yale mawe yake.

Jumamosi, 10 Mei

Mvua zinakatika. Leo jua limetoka la kuanikia, tumejaza kamba zote, tukafunga na nyingine mbele ya nyumba, shuka za Meneja zinapepea.

Nilikuwa napiga pasi nikasikia kwaruzakwaruza. Nikatoka. Mkaguzi alikuwa anachimba kwenye ngazi ya mlango wa mbele, pakavu, mahali ambapo hapajawahi kumwagwa wanga, maji, wala chochote. Nilichungulia ndani ya shimo. Hakukuwa na kitu, hata buu. Udongo mtupu. Alikuwa anachimba kwa sababu ni mbwa. Na udongo ulikuwa unaruka nyuma yake, umekwisha kupiga shuka mbili chini kabisa.

Damu ikanipanda. Nilifungua mdomo, na nikapiga kelele, ndiyo, kelele za kusikika mtaa wa chini. Nikageuka, mdogo wangu amesimama mlangoni. Alilitazama shimo, akazitazama shuka, kisha akanitazama mimi usoni, ametulia kabisa, kama mtu anayesubiri kuambiwa aondoke saa ngapi.

"Umesimama nini?" nikamwambia. "Lete sepetu, tufukie. Halafu utanisaidia kufua hizi mbili."

Akaleta masepetu mawili.